Aliyekufa Naye Asikilizwe

Msikilizaji, mabishano kuhusu filamu ya The Perfect Neighbor umeyasikia, na huenda mkanda wenyewe umeutazama. Hatutausimulia upya. Kinachokitia wasiwasi kituo hiki ni hoja inayorudi kila mjadala wa namna hii unapozuka: kwamba mtu akiwa kwake, akasema aliogopa, basi aliyekufa amekufa na yameisha. Hayajaisha. Susan Lorincz, ambaye kisa chake ndicho cha filamu hiyo, alimpiga risasi Ajike Owens, mama wa watoto 4, kupitia mlango uliofungwa, huko Ocala, jimbo la Florida, Juni 2023. Siku 4 zilipita kabla hajakamatwa, polisi wakieleza kwamba sheria ya kujihami ya jimbo lile inawabana. Kisha shauri likasikilizwa. Mashahidi waliapa, wakahojiwa, na Novemba 2024 akafungwa miaka 25 kwa kuua bila kukusudia. Ukikubaliana na hukumu hiyo au usikubaliane nayo, sababu zake unazijua, kwa kuwa shauri lilisikilizwa.

Hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano wa shauri lisilosikilizwa. Jirani zetu Kenya wanao, na kisa chake nacho kilitengenezewa filamu, Last White Man Standing ya Justin Webster. Aprili 2005, Tom Cholmondeley, mrithi wa ukoo wa walowezi wa Delamere, alimuua kwa risasi Samson ole Sisina, askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya, ndani ya shamba la Soysambu. Sisina alikuwa kazini akichunguza biashara haramu ya nyamapori, bila sare. Cholmondeley alisema alidhani amevamiwa na majambazi, akajihami. Mwezi uliofuata, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Amos Wako, akaiondoa kesi mahakamani kabla haijaanza kusikilizwa. Wamasai wenzake Sisina wakaandamana, faili likabaki limefungwa. Huenda Cholmondeley alisema kweli. Huenda kweli aliogopa, na mtu mwingine mahali pake angefanya vilevile. Lakini neno lake halikupimwa na yeyote mbele ya umma. Mei 2006, katika shamba lilelile, risasi ikamuua Robert Njoya, fundi mwashi, baba wa watoto 4, aliyekuwa ameingia kuwinda na wenzake na mbwa. Aliyeshtakiwa ni Cholmondeley yuleyule, na sasa utetezi ulikuwa kwamba aliwalenga mbwa. Mara hii shauri lilisikilizwa, na Mei 2009 Jaji Muga Apondi akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akampa kifungo cha miezi 8 baada ya miaka 3 ya mahabusu. Wengi walikasirika kwamba adhabu ni ndogo mno. Walau walikuwa na hukumu iliyoandikwa ya kuikasirikia. Familia ya Sisina haikupata hata hiyo.

Hapa kwetu Tanzania faili hufungwa kwa njia nyingine. Mtu anapigiwa yowe la mwizi, anauawa, taarifa inasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali, na habari inaishia hapo. Aliyeibiwa ni nani? Marehemu alikuwa na silaha? Alikuwa ameshaanguka chini wakati jiwe la mwisho linarushwa? Hatuambiwi, kwa kuwa shauri halisikilizwi. Na si kwamba sheria inamnyima mtu kujihami. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18A, inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kulinda mali. Kifungu cha 18B kinaweka mpaka: nguvu iwe ya kadiri inayohitajika, na anayeua kwa kupita kadiri hiyo ana hatia ya kuua bila kukusudia. Sasa kadiri hiyo ataipima nani? Aliyebaki hai atasema aliogopa, na kila mara atakuwa msemaji peke yake.

Tunajua tutakavyojibiwa. Mkulima wa Namtumbo anayeamka usiku na kukuta mtu ameshika panga mlangoni hana nafasi ya kupima nguvu kwa mizani. Ni kweli, na ndiyo maana kifungu cha 18C kinakubali kwamba zipo nyakati ambapo hata kuua ni halali. Mtu huyo mahakama itamlinda. Jibu la pili ni zito zaidi: kesi ya mauaji haina dhamana Tanzania, na aliyejihami kihalali anaweza kusota mahabusu miaka. Malalamiko haya tunayaunga mkono. Hata kesi ya mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, iliyoishia kuwa ya kuua bila kukusudia na ambayo yeye alijitetea kwamba ndiye aliyekuwa akipigwa, ilipata hukumu Novemba 2017, wakati mwigizaji mwenzake Steven Kanumba, ambaye kifo chake ndicho kilichomfikisha mahakamani, alifariki Aprili 2012. Huo ni muda mrefu mno. Dawa yake ni upelelezi wa haraka na shauri kusikilizwa mapema. Kulifunga faili hakumsaidii hata aliyejihami, maana atabaki ananong'onwa maisha yake yote. Filamu nayo haiwezi kuziba pengo hilo. Mwongozaji huchagua cha kuonyesha na cha kuacha, wala hakuna anayekula kiapo mbele yake.

Kwa hiyo tunasema wazi. Jeshi la Polisi Mkoa wa Ruvuma, fungueni jalada kwa kila kifo cha namna hii, awe aliyekufa ni mwenye jina au kijana asiyejulikana kwao. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, pale mnapoona hakuna wa kushtakiwa, ombeni uchunguzi wa hadharani chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ili hakimu asikilize mashahidi na sababu zijulikane. Wenyeviti wa mitaa na vijiji, yowe likipigwa fikeni mapema, mtuhumiwa afungwe kamba apelekwe kituoni akiwa hai. Na wewe uliyesimama pembeni ukaona nani alirusha nini, usikae kimya kwa kuogopa majirani. Nenda kituo cha polisi, andikisha maelezo yako, na ukiitwa mahakamani, fika.