Kuni Zetu: Shoka au Mashine?



Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mtu wa mjini atalicheka kwanza, kisha akifika nyumbani atalikuta linamsubiri uani. Jambo lenyewe ni kuchanja kuni.

Najua wapo watakaosema kuni zimepitwa na wakati. Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ambao unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo ni jema, na tuombe litimie. Lakini hata likitimia lote, mtu mmoja katika kila watano atakuwa bado yumo kwenye moshi. Na sisi wa mjini tusijidanganye. Katika nyumba nyingi mtungi wa gesi na mafiga vinakaa pamoja kama wake wenza. Gesi huchemsha chai ya asubuhi. Yakifika maharage, makande, au sufuria ya pilau ya harusi, watu hutoka nje kutafuta kuni.

Basi maadamu kuni tunazo, tuzitumie kwa akili. Na akili ya kuni haianzii jikoni, inaanzia pale gogo linapopasuliwa.

Gogo lililokatwa leo laweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Ukilipia mzigo wa kilo 20 wa kuni mbichi, huenda kilo 10 ni maji, na umeyalipia kwa bei ya kuni. Huo ni mwanzo tu wa hasara. Ukizitia motoni, moto hauna budi kuyachemsha maji yale na kuyafukuza kwanza, ndipo joto linalobaki liifikie sufuria. Kilo moja ya kuni mbichi za namna hiyo haitoi hata theluthi mbili za joto la kilo moja ya kuni kavu. Jingine ambalo halikuungua hugeuka moshi, na moshi huo una njia yake: machoni na kifuani kwa anayepika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na moto wa kupikia. Tuliozoea kumtania mpishi kwamba vitunguu vimemliza, tuliangalie jiko lake vizuri.

Hapo ndipo kuchanja kunapoingia. Gome la mti limeumbwa kuzuia maji yasitoke. Gogo zima, hata likikaa uani muda mrefu, hukauka polepole kwenye ncha zake mbili huku tumboni likibaki bichi. Ukilipasua, unaufungulia upepo mlango. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: kuni huchanjwa mapema, si siku ya kupika. Tazama misiba yetu. Gari la kuni hushusha magogo jioni, vijana huyapasua usiku, na asubuhi akina mama wanapuliza moto usiotaka kuwaka. Machozi ya moshi na machozi ya msiba huchanganyika, asijue mtu yapi ni yapi.

Ukishachanja, panga kuni juu ya matofali au miti miwili zisiguse ardhi, ziezeke kwa juu na uache ubavuni wazi. Usizifunike turubai pande zote, maana hapo unazifukiza badala ya kuzikausha. Usizibananishe na ukuta wa nyumba pia, usije ukawakaribisha mchwa, na pengine nyoka. Kutambua kuni kavu si kazi. Ni nyepesi mkononi, ncha zake zina nyufa, na ukigonga mbili hulia kwa sauti kali. Kuni mbichi hutoa mlio mzito, kama mtu anayejibu akiwa na tonge mdomoni.

Sasa tuje kwenye chombo. Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni, nami naongeza kwamba si kila lenye mpini linachanja. Shoka la kukatia mti lina makali membamba. Ukilipiga kwenye gogo la kupasua, linazama na kung'ang'ania humo. Shoka la kuchanjia ni zito na limenenepa kuelekea nyuma, mfano wa kabari, ili likiingia litanue ufa. Hali kadhalika magogo manene yanataka kabari ya chuma na nyundo nzito. Fuata ufa uliopo kwenye ncha ya gogo, anza pembeni badala ya katikati, na yakwepe mafundo, kwani pale lilipoota tawi nyuzi za mti husukana.

Yapo mambo matatu ambayo watu huyafanya kila siku, nayo ni hatari. La kwanza ni kupiga nyundo juu ya shoka lililonasa. Shoka si kabari. Tundu lake hupinda na vipande vya chuma huruka. La pili ni kutumia kabari ambayo kichwa chake kimechanua kama uyoga kwa kupigwa. Kingo zile nazo huruka, na jicho halina vipuri. Zinolewe zitoke kabla ya kazi. La tatu ni shoka lenye kichwa kinachocheza. Wengi hulitumbukiza ndani ya ndoo ya maji, mpini uvimbe. Litashika leo, kesho likikauka litalegea kuliko jana. Dawa yake ni kupigilia kikabari kipya juu ya mpini, au kuweka mpini mwingine.

Je, mashine? Zipo mashine za kupasua kuni zinazotumia nguvu ya haidroliki. Pampu husukuma mafuta, mafuta husukuma pistoni, na pistoni hulikandamiza gogo kwenye kabari mpaka lipasuke. Nguvu yake hupimwa kwa tani. Zile ndogo za umeme huwa za tani 4 hadi 7, na zinafaa magogo membamba yaliyonyooka. Zile za injini ya petroli hufika tani 20, 30 na zaidi, na hizo hupasua hata gogo lenye mafundo. Muuzaji atakutajia tani tu. Wewe muulize pia urefu na unene wa gogo inaloweza kupokea, vipuri vinapatikana wapi, mipira ya mafuta ikipasuka fundi ni nani, na kama umeme wa nyumba yako unaweza kuibeba.

Lakini swali la kwanza kabisa ujiulize mwenyewe: nachoma kuni kiasi gani? Familia inayotumia mzigo mmoja au miwili kwa juma haihitaji mashine. Shoka zuri, kabari mbili na nusu siku ya kazi zinatosha. Mashine ni ya mwenye tanuri la mikate, shule iliyo bado kwenye kuni, au mfanyabiashara wa kuni mwenyewe. Na hata hao si lazima kila mmoja awe na yake. Mbona mashine ya kusaga mtaa mzima hupeleka mahindi kwa mtu mmoja? Ya kupasua kuni nayo yaweza kukaa kwa muuza kuni, mnunuzi akalipa kidogo na kuondoka na kuni zilizopasuliwa.

Mashine nayo ina masharti yake. Nyingi zimetengenezwa zifanye kazi pale tu mwendeshaji anaposhika mikono miwili, mmoja huku na mwingine kule. Hilo halikufanywa kumsumbua. Lilifanywa ili mkono usiwe kati ya gogo na kabari. Anayefunga kishikio kimoja kwa kamba ili afanye haraka ameviweka vidole vyake rehani. Aendeshe mtu mmoja, awekaye gogo awe yeye huyo huyo. Yenye injini ya petroli isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake huua bila kunuka sana. Ipo pia aina ya parafujo kubwa inayozunguka na kujichimbia ndani ya gogo. Hiyo hunasa nguo. Kwa watu wa kanga, vitenge na mashati yanayopepea, ushauri wangu ni kukaa nayo mbali.

Ndugu msikilizaji, nimesema sana juu ya vyombo, lakini nyuma ya chombo yupo mtu. Mjini wengi wetu hatuchanji wenyewe. Tunamwita kijana anayepita na shoka begani, tunapatana bei ya gogo zima, kisha tunaingia ndani. Yeye anabaki nje na ndala miguuni, bila miwani, gogo limewekwa chini kwenye udongo, watoto wamemzunguka kama wanaotazama ngoma. Shoka likiteleza, mguu ni wake, na bei tuliyopatana haimo hata ya bandeji.

Kumlinda si gharama kubwa. Mpe kigogo kipana cha kuchanjia juu yake, kimo cha goti au chini kidogo, ili shoka likipitiliza liishie kwenye kigogo lisifike kwenye mguu. Mwambie asimame miguu imepanuka, sawasawa, na apinde magoti shoka linaposhuka. Buti za zamani zilizolala stoo mwazime. Watoto waondoke, si hatua moja bali mbali kabisa. Na mwite mapema, mwezi au miezi kabla ya kuzihitaji kuni, sio saa moja usiku wageni wakiwa njiani. Mtu anayeharakishwa gizani hukata visivyokatwa.

Mashine haipunguzi kuni tunazochoma. Inapunguza jasho tu, na urahisi ukizidi huenda ikatushawishi kuchoma zaidi. Kinachopunguza kuni ni kuzikausha, na kuzikausha ni kuzichanja mapema, vipande vyembamba vya kuingia jiko banifu bila kulisonga. Anayefanya hivyo atanunua kuni chache, misitu itapumua, na mpishi wake naye atapumua.

Gharama ya kuni haikwepeki, ndugu zangu. Ukikataa kuilipa kwa subira wakati wa kiangazi, itakuja kulipwa wakati wa masika. Na aghalabu hailipwi na mwenye nyumba. Hulipwa na kifua cha mama jikoni na mguu wa kijana uani.

Kwa leo naishia hapo. Nawatakieni juma jema.