Sungura Huficha Maradhi



Sungura ni mnyama anayewindwa, na kwa asili huficha maradhi yake, kwani porini mwenye kuonyesha udhaifu ndiye huliwa kwanza. Hata aliyezaliwa bandani nyuma ya nyumba anayo tabia hiyo. Ndiyo maana mfugaji husema, “Jana alikuwa mzima,” ilhali ugonjwa ulikuwapo siku kadhaa.

Kinyesi ndicho shahidi wa kwanza. Vidonge vya sungura mzima huwa vingi, vya mviringo, na vyenye ukubwa unaolingana. Vikipungua, vikawa vidogo au vikakoma, utumbo umeanza kulegea. Sungura asiyekula wala kunya kwa saa 12 asingojewe hadi kesho. Ofisa mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Dalili nyingine ni ndogo zaidi. Anayechagua majani laini na kuacha nyasi kavu, au mwenye kidevu kilicholowa mate, akaguliwe meno, ambayo kwa sungura hayaachi kukua. Kusaga meno kwa nguvu hali amejikunyata ni maumivu. Manyoya ya miguu ya mbele yaliyogandamana huonyesha kuwa amekuwa akipangusa kamasi. Wengi hutazama pua tu, nayo imekwisha kusafishwa! Kutikisa kichwa, pamoja na magamba ndani ya sikio, aghalabu ni utitiri.

Asipewe kamwe vidonge vya amoksisilini vilivyobaki nyumbani. Dawa hiyo, ikimezwa, huua bakteria wema wa tumboni mwake, na yaweza kumwua yeye pia.