Listi Si Karatasi Tu
Maneno ya kamati mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Wakati umefika watoto wa mwaka wa nane wachague seksio. Pedagojia? Biashara? Sosiali? Sayansi? Siye wazazi tunauliza swali moja tu: «Hii itamupa kazi?» Leo tunaongeza la pili: itamufundisha kulinda watu?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipogawa mikopo ya msimu wa kulima, tuliweka listi yote kwenye kikundi cha WhatsApp: jina, namba ya simu, kiasi cha makuta. Tulifikiri njo uwazi huo. Siku mbili baadaye mama mmoja mjane alipigiwa simu. Mtu yule alijua jina lake na kiasi alichopata, akasema anatoka kampuni ya simu, akaomba namba ya siri. Mama akampa. Makuta ya mbegu na ya ada ya mtoto yakaenda yote.

Mwizi hakuvunja mlango. Ufunguo tulimupa siye.

Kwenye kikao kilichofuata, msichana wa seksio ya biashara, anayetusaidia daftari la kasha, akauliza: «Hawa watu, nani aliwauliza kama wanakubali majina yao yatoke?» Wazee wote tukanyamaza.

Juu ya nini hatukuuliza? Juu tumezoea. Kule Nyarugusu, tangu 1996, maisha yetu yalikuwa kwenye listi. Chakula, listi. Kupanda meli Kigoma, tangu 2005, listi. Kushuka hapa Baraka, listi tena. Mwenye kalamu akija, unamupa jina, majina ya watoto, na kidole. Kukataa ilikuwa kulala njaa. Tulirudi nyumbani na desturi ile.

Njo maana tunataka watoto wajifunze mambo matatu pamoja. Kontabilite inawaonyesha franka imeingia wapi na imetokea wapi. Masomo ya jamii yanawaonyesha kwa nini mjane hawezi kuikatalia sauti inayosema kama mkubwa, na nani mwingine atasoma listi ile, hata yule tunayegombania naye shamba. Maadili ya teknolojia yanawafundisha kuuliza kabla ya kutuma: nani atafaidika, nani ataumia, na je, kitu hiki kitarudishwa? Mtoto wa kontabilite peke yake angesema listi yetu ilikuwa sawa. Hesabu zilikubaliana, hata franka moja haikupungua.

Na hii si mambo ya wageni. Nchi yetu ina Code du numérique tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, na ndani yake kuna ulinzi wa habari za mtu binafsi.

Sasa tunafanya hivi. Listi inayotoka ina namba ya mwanachama tu. Majina yako kwenye daftari lenye kufungiwa. Kila siku ya posho wanafunzi wa biashara na wa sosiali wanakaa pamoja mezani kwa mweka makuta. Habari ya mtu haitumwi mpaka yeye asomewe na akubali.

Wazazi, shule ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini sekondari bado inaomba makuta, na yakipungua, binti njo wa kwanza kurudishwa nyumbani. Aliyetuuliza swali lile alikuwa karibu kuacha shule juu ya ada. Fikirini tungemkosa.

Wafadhili wetu, mkihitaji ushahidi, pokeeni namba na risiti, tena kujeni muone mashamba kwa macho. Msituombe sura za watu kila mara. Na mwenye nguvu ya kuongeza, aongeze kwenye ada ya wanafunzi hawa.

Mama yule yuko hapa kati yetu. Kamati inamurudishia makuta yake kidogo kidogo, na deni bado halijaisha. Alikubali tuseme habari yake, lakini jina hapana. Safari hii tulimuuliza kwanza.