Mvumo katika Redio za Zamani za Valvu



Redio na gramafoni za valvu zilienea majumbani kabla transista, iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1947, haijashika mahali pake. Baadhi yake zingali zikifanya kazi, na wako watu waipendao sauti yake hata leo. Lakini uzee una maradhi yake, na mojawapo ni mvumo: spika hunguruma kama nyuki mzingani, hata wimbo unapokwisha. Wenye vyombo wengi hukimbilia kununua valvu mpya, na mvumo hubaki palepale. Fundi mwenye busara husikiliza kwanza, ndipo hugusa.

Asili ya mvumo ni umeme wenyewe. Umeme wa nyumba nchini Kenya huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, lakini valvu zataka umeme uendao upande mmoja tu. Kwa sababu hiyo chombo kina valvu ya kuunyoosha umeme, kisha kapasita kubwa za kuutuliza, mfano wa tangi lipokealo maji ya pampu yajayo kwa mikupuo na kuyatoa yakitiririka sawasawa. Maji yaliyomo katika dawa ya kapasita hizo hukauka miaka ikipita. Hapo ni kana kwamba tangi limekuwa dogo, na mikupuo hupenya mpaka kwenye spika.

Yafaa fundi apunguze sauti kwa kifundo mpaka mwisho. Mvumo ukitoweka, ila iko kabla ya kifundo: pengine waya wa gramafoni umekatika kinga yake, au kiungo chake kimelegea. Mvumo ukibaki vilevile, mara nyingi kapasita zile ndizo zimechoka, ingawa valvu ya mwisho nayo huweza kuvujisha umeme ndani yake. Katika vyombo vingi mvumo wa kapasita ni wa mara 100 kwa sekunde, nao ni mkali kuliko ule wa mara 50 uingiao kwa waya.

Kapasita mpya iwe na kipimo kama cha ile ya kwanza, na uwezo wa volti usiopungua. Kuweka iliyo kubwa mno si dawa, maana valvu ya kunyoosha umeme huweza kuungua.

Lakini hapana budi kila mtu ajue hatari iliyopo. Ndani ya vyombo hivi mna volti 250 na zaidi, na kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Sharti umeme huo utolewe polepole kwa rezista, kisha upimwe kwa mita, kabla mkono haujaingia. Tena ziko redio zisizo na transfoma, ambazo bati lake la ndani limeungwa moja kwa moja na umeme wa nyumba. Hizo asiziguse asiye fundi.

Wengine hukata waya wa ardhi ili mvumo unyamaze. Huenda ukanyamaza kweli, lakini siku umeme utakapovuja, sanduku la chuma litamngoja mtoto atakayeligusa. Waya huo usikatwe kamwe. Afadhali redio ivumayo kuliko nyumba yenye msiba.