Ushanga wa Kale wa Bonde la Pangani

Leo twapenda kuwaelezeni habari za kitu kidogo sana, nacho ni ushanga wa kioo. Huenda baadhi yenu mmekwisha kuuokota shambani baada ya mvua, mkawapa watoto wautunge uzi.

Huko Kwa Mgogo, karibu na Mombo katika wilaya ya Korogwe, Bwana Jonathan Walz alichimba mahali palipokaliwa zamani, akapata ushanga pamoja na vigae. Ulitoka wapi? Macho hayatoshi kujibu, maana ushanga wa Bara Hindi na ule wa Uajemi waweza kufanana kama shilingi kwa ya pili.

Kioo ni mchanga ulioyeyushwa. Mchanga peke yake hutaka moto mkali mno. Kwa hiyo mafundi wa kale walitia magadi, au majivu ya mimea iotayo penye chumvi. Kila mpishi ajua kuwa majivu na magadi si kitu kimoja. Majivu huacha katika kioo magnesiamu na potasiamu nyingi. Magadi huacha kidogo. Tena kioo kingi cha kale cha Bara Hindi na Sri Lanka kina alumini nyingi.

Bibi Laure Dussubieux aliupima ushanga huo huko Chicago, Marekani. Mwali wa mwanga uitwao leza huchimba kitundu kidogo hata jicho halikioni, na vumbi lake huingia katika mashine ipambanuayo vitu kwa uzito wake. Ushanga wenyewe hauvunjiki.

Habari zilitangazwa mwaka 2016. Miongoni mwa ushanga ule mna wa namna iitwayo Zhizo, wa kioo cha majivu, uliokwisha kujulikana kusini, karibu na mto Limpopo, tangu karne ya 8 hadi ya 10. Kioo chake chaelekea kuwa cha pande za Iraki na Uajemi. Wengi hudhani kuwa bara ililala mpaka misafara ya pembe ya karne ya 19. Sisi hatuoni sababu ya kudhani hivyo tena.

Lakini mashine haisemi ni nani aliyeuleta, wala alilipwa nini. Hayo hutafutwa udongoni, katika vigae na makaa yaliyolala pamoja nao, kwani makaa hupimwa umri. Ushanga uliokwisha kung'olewa na kuuzwa umepoteza mashahidi wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yalinda vitu vilivyofanyizwa na watu kabla ya mwaka 1863. Basi mkulima wa Handeni au wa Korogwe auonapo ushanga wa namna hiyo, na auache pale pale, akamwarifu mwalimu au mwenyekiti wa kijiji.