Jua Likilipuka, Redio Hunyamaza

Leo tuzungumze juu ya jua. Sote tunalijua, ndilo linalokausha mahindi yetu. Lakini jua pia hulipuka.

Tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga kilichoitwa Irma kilikuwa kinapiga visiwa vya Karibi. Waokoaji walitegemea redio za mawimbi mafupi. Siku hiyo hiyo jua likalipuka, na redio hizo zikanyamaza kwa saa kadhaa.

Kwa nini? Mlipuko wa jua hutoa eksirei, mionzi ya namna ile ile inayopiga picha ya mifupa hospitalini. Inatufikia kwa dakika 8 hivi. Hewa ya juu huimeza, haituguse huku chini. Lakini hewa hiyo ikishaimeza hubadilika, nayo huanza kumeza mawimbi mafupi ya redio.

Basi, kamera za eksirei lazima zirushwe juu, kupita hewa. Mwaka 1973 Wamarekani walilipiga jua picha kutoka chombo cha Skylab. Wakaona gesi ya moto imejikunja kama upinde, miguu yake miwili imekanyaga jua.

Mwaka 1991 Wajapani walirusha chombo cha Yohkoh. Tarehe 13 Januari 1992 kikapiga picha za mlipuko. Eksirei kali zilitoka miguuni mwa upinde, na nyingine zilitoka juu ya kichwa chake. Kumbe moto hauanzii ndani ya upinde! Juu yake nguvu za sumaku, zilizosokotwa kama kamba, hukatika na kuungana upya. Chembe za umeme huteremka mbio hadi miguuni na kuchemsha gesi. Gesi hupanda kama maziwa yanayofura sufuriani, ikaujaza upinde kwa joto la digrii zaidi ya milioni 10. Kisha upinde hupoa polepole.

Sasa je, faida yake nini? Eksirei husafiri mbio sawa na mwanga, kwa hiyo hakuna mjumbe wa kuitangulia. Ndiyo maana wataalamu huchunguza mlipuko unavyoanza, wapate kujua dalili zake mapema.

Ndugu zetu, redio ya mawimbi mafupi ikinyamaza ghafla mchana, tazameni betri kwanza. Kama ni nzima, msikimbilie bisibisi. Ngojeni kidogo, huenda jua limelipuka. Wala msilikodolee macho, litawapofusha.