Majina ya Meli Liemba



Reli hii ipitayo hapa Urambo ndiyo iliyochukua vipande vya meli ya Wadachi kutoka Dar es Salaam kwenda ziwa Tanganyika. Iliingizwa majini huko Kigoma mwaka 1915, ikatiwa mizinga. Jina lake Graf von Götzen, yaani yule Gavana wa siku za vita vya Maji Maji.

Mwaka 1916 Wadachi waliizamisha wenyewe, wakiisha kuzipaka mashine mafuta zisishikwe na kutu. Waingereza waliiopoa 1924; mwaka 1927 ikaitwa Liemba, jina ambalo wenyeji wa kusini waliliitia ziwa lao.

Basi sisi makarani, tuandikao majina kila siku, tuyaandike ya wenyeji kwa usahihi: la Gavana lilifutwa, la ziwa limedumu.